Geuza kijiko uangalie mgongoni: maswali yenu kuhusu silva za zamani

Barua za safari hii karibu zote ni za vijiko na uma. Sishangai, hapa Nairobi familia nyingi ziko na boksi fulani juu ya kabati, vyombo vya wazungu walioondoka miaka ya uhuru ama vya mhindi aliyehama, na sasa jamaa wa skrepa wanapita kila mtaa wakinunua kwa kilo. Inaniuma sana nikisikia kijiko cha miaka zaidi ya 100 kimeenda kuyeyushwa pamoja na mabomba ya choo kwa sababu hakuna mtu aliyekigeuza akasoma nyuma. Kwa hivyo tusome.

SWALI: Mwalimu, salamu sana. Shosho yangu alikuwa mpishi kwa mzungu huko Karen, na huyo mzungu akienda kwao alimwachia boksi la vijiko na uma, sasa nimeachiwa mimi. Nyuma kuna simba, uso wa chui, herufi D kubwa, kichwa cha mwanamke, na herufi mbili ndani ya kiboksi. Mbele kuna herufi zingine zimechorwa kwa madoido. Jamaa wa skrepa ameangalia akasema ni bati tu, ati atanipea bei ya sufuria kuukuu. Nimpee? (Msomaji, Buruburu)

JIBU: Dada yangu, usimpee. Kama mihuri iko vile umeandika, hiyo ni silva ya ukweli, na mwaka wake karibu tuujue.

Tuanze na simba. Akiwa anatembea na mguu mmoja wa mbele ameuinua, huyo ni simba wa Uingereza na maana yake ni kwamba chombo kilipimwa kikapatikana kina sehemu 925 za silva kati ya 1000, na muhuri huo umetumika huko tangu 1544. Uso wa chui ni mji wa London, yaani ndiko kilikopimwa. Muangalie vizuri kichwani, chui wa London alikuwa anavaa taji hadi 1821, baada ya hapo hana. (Wasomaji wengine ambao hawana chui, angalieni kama kuna nanga, hiyo ni Birmingham, taji peke yake ni Sheffield kwa vyombo vya kabla ya 1975, ngome yenye minara mitatu ni Edinburgh.) Kichwa cha mwanamke ni Malkia Victoria, na hicho si pambo, ni risiti ya ushuru. Kuanzia 1784 serikali ya Uingereza ilikuwa inatoza kodi kila chombo cha silva na muhuri wa kichwa cha mfalme ama malkia ulionyesha kodi imelipwa, mpaka 1890 ilipofutwa. Victoria alianza kutawala 1837. Kwa hivyo hata kabla ya kugusa hiyo D tunajua kijiko kiko kati ya 1837 na 1890.

Sasa D. London walikuwa wanabadilisha herufi kila mwaka mwezi wa tano, wanatumia herufi 20 tu kutoka A hadi U bila J, zikiisha wanarudi mwanzo lakini kwa mwandiko tofauti na kiboksi tofauti. Hapo ndipo watu wengi hukosea, wanaona D wanakimbilia D ya kwanza wanayoipata kwenye jedwali. Angalia mwandiko. Kama ni D ya kawaida kama ya gazeti, mzunguko ulioanza na A mwaka wa 1876, basi yako ni ya 1879. Kama ni ile D ya kizamani yenye mikunjo mingi kama ya Biblia za kale, hiyo ni ya mzunguko ulioanza 1836, na D yake inakuwa 1839. Miaka 40 hapo katikati na tofauti ni mwandiko tu! Piga picha kwa simu asubuhi karibu na dirisha, mwanga utoke upande mmoja, halafu ivute uikuze, utaona zaidi ya kile jicho linaona.

Zile herufi mbili ndani ya kiboksi ndizo za fundi ama kampuni iliyopeleka chombo kupimwa. Usimtafute kwa herufi peke yake kwa sababu mafundi wengi walikuwa na herufi zinazofanana, andika pia kama kuna nukta katikati, kama kiboksi kina kona za mraba ama zimekatwa ama ni cha yai, ndio ulinganishe na London ya miaka hiyo. Na zile za mbele zenye madoido si za fundi kabisa, ni jina la mwenye nyumba. Kila wiki kuna mtu ananiandikia akitafuta kiwanda kwa herufi za mwenye nyumba.

Ukiona vijiko vingine vya hilo boksi vina herufi ya mwaka tofauti usishtuke wala usivitupe, familia zilikuwa zinaongeza pole pole.

SWALI: Mwalimu mambo. Mimi nauza mitumba Gikomba na nimeokota uma kwa belo ya vyombo, ziko na mihuri minne kwa mstari kabisa, kila moja kwa ngao yake, na kuna kabendera kameandikwa W&H. Hii si ni silva? Nimeambiwa niitishe pesa mingi. (Msomaji, Kariobangi)

JIBU: Ndugu yangu, soma zile ngao polepole maana ziliandikwa kwa mwandiko wa kupinda makusudi. Nikikisia vile umeeleza, utapata E, P, N, S, na pengine A1 pembeni. Hiyo ni metali ya shaba, nikeli na zinki iliyopakwa silva juu kwa umeme. Kampuni ya Elkington ya Birmingham ilipata hataza ya kazi hiyo mwaka wa 1840 na kutoka hapo viwanda vikaanza kupanga herufi zao kwa ngao ndogo ndogo ili kwa mbali zifanane na mihuri ya silva halisi. Bendera ya W&H ni Walker & Hall wa Sheffield, watu wa kazi nzuri, na A1 ni daraja ya upakaji. Lakini hakuna simba, kwa hivyo usiitishe bei ya silva.

Angalia ncha za meno na pale mgongoni uma unapogusa meza. Kama kuna rangi ya manjano hafifu inachungulia, ni metali ya chini imetokea. Sumaku haitakusaidia hapa, watu wanaiamini sana, lakini haivuti silva na kwa kawaida haivuti hiyo metali ya nikeli pia, itakuonyesha chuma tu.

Ukiwa na mashaka tumia mizani ya kidijitali ya wale wa kuoka keki, inayosoma sehemu za gramu. Pima kijiko kikiwa kikavu, tuseme gramu 62. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe kwa sifuri, funga kijiko na uzi ukizamishe chote bila kugusa chini wala pembeni, usome. Ikisoma kama 6, gawanya 62 kwa 6 unapata 10.3, hapo uko kwa silva. Ikisoma 7.1 unapata kama 8.7, hiyo ni nikeli na shaba iliyopakwa. Usifanye hivi na visu, vipini vyake ni tupu ndani vimejazwa vitu vingine, jibu litakudanganya.

Uza hizo uma kama seti nzuri ya kulia chakula, mteja umwambie ukweli, zitanunuliwa. Na ukiokota zenye KUR&H ama EAR&H, hizo ni za reli yetu ya zamani, usizichanganye na zingine hata kama zimepakwa tu, kuna watu wanazitafuta kwa sababu ya historia.

SWALI: Kijiko changu kina simba, nanga na G. Si ni Birmingham? (Msomaji, South B)

JIBU: Hapana, na swali lako ni zuri sana. Simba, nanga na G ya kizamani ni nembo ya Gorham, kampuni ya Providence huko Marekani. Tafuta neno STERLING karibu yake, likiwepo ni 925 sawa na ya Uingereza. Ndio maana nasema mihuri isomwe yote pamoja.

SWALI: Nini maana ya 800 na 90 nyuma ya vijiko? (Msomaji, Ngara)

JIBU: 800 ikiwa na mwezi mwandamo na taji ni silva ya Ujerumani, sehemu 800 kati ya 1000, mtindo ulioanza 1888. 90 peke yake ni ya kupakwa, inamaanisha gramu 90 za silva zimetandazwa kwa dazeni ya vijiko na dazeni ya uma.

SWALI: Mwalimu, za kwangu zimekuwa nyeusi, nisugue na nini? (Mama wa Umoja)

JIBU: Mama, ile waya ya sufuria weka mbali kabisa, na majivu pia. Mihuri ina kina kidogo sana, ukiisugua kila Krismasi itafutika na hapo hakuna mtu atakuambia kijiko ni cha nani. Tandika foili ya aluminiamu kwa beseni, weka vijiko viguse foili, nyunyiza baking soda, mwaga maji moto, subiri dakika chache, weusi unahamia kwa foili. Suuza, kausha na kitambaa laini. Visu usiviloweke, ndani ya kipini kuna gundi kama lami na maji moto yanailegeza, kipini kinachomoka. Ukimaliza vifunge kwa kitambaa cha pamba, si kwa raba bendi, raba inaacha alama nyeusi ambayo haitoki kirahisi.