Demo nzuri, simu haipigwi

SWALI: Napiga video za muziki na matangazo madogo. Nina filamu fupi mbili, zote nimeongoza na kushika kamera mwenyewe. Watayarishaji husifu demo yangu, yaani video fupi ya mifano ya kazi zangu, kisha kimya. Nirudi kuwa msaidizi wa kamera kwanza, au niendelee kuongoza?

JIBU: Ndugu yangu, demo moja haiwezi kukuombea kazi mbili. Anayetafuta mpiga picha hutazama kama mwanga wa shoti pana unalingana na wa shoti ya karibu iliyopigwa saa kadhaa baadaye, jua limeshahama. Anayetafuta muongozaji anataka tukio zima la dakika 2 au 3: watu wawili wanazungumza, sauti zao zinasikika, naye apime kama muigizaji anamsikiliza mwenzake au anangoja tu zamu yake ya kusema. Ukimpa vipande vilivyounganishwa juu ya wimbo, uongozaji hajauona.

Hilo la kushika vyote viwili ndilo linalokuchelewesha. Jicho likiwa kwenye kamera hukimbilia fokasi (ukali wa picha), mpangilio wa fremu na kivuli cha maiki ukutani. Uso wa muigizaji ukipwaya, utagundua wakati wa kuhariri, seti imeshabomolewa. Muongozaji wa Marekani Steven Soderbergh hupiga filamu zake mwenyewe kwa jina la Peter Andrews, lakini kabla ya hapo alikuwa ameongoza kadhaa zilizopigwa na wengine.

Usaidizi wa kamera? Msaidizi wa pili hupiga kibao cha kuanzisha shoti na kuandaa lenzi, wa kwanza huvuta fokasi, kisha ndipo uje uopereta, yaani kuishika kamera yenyewe, na upiga picha mkuu. Ni ngazi ya miaka, na kwa lengo lako sioni haja ya kuipanda yote. Ila kama hujawahi kufanya kazi kwenye seti yenye mkuu wa taa na timu yake, omba nafasi yoyote hata kwa filamu moja. Pia video za muziki zimekuzoesha kupiga fremu 50 au 60 kwa sekunde ili kupunguza mwendo. Mazungumzo ya filamu kwa kawaida hupigwa kwa 24, shata (muda wa kila picha kupokea mwanga) karibu 1/48 ya sekunde, na mkono unaotetemeka hauna pa kujificha.

Kwa hiyo tafuta skripti ya watu wawili ndani ya chumba kimoja, uiongoze, na kamera umpe mtu mwingine. Halafu piga filamu fupi ya muongozaji mwingine. Hapo utakuwa na demo mbili, na kila mtayarishaji umtumie ile inayomhusu. Kuanzia upande wa kamera hakukufungii mlango: Zhang Yimou wa China alikuwa mpiga picha, akaongoza filamu yake ya kwanza mwaka 1987, na mwaka uliofuata ikatwaa Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin.

Ukimpigia mwenzako filamu, usimkosoe mbele ya waigizaji. Mvute pembeni, maana mtayarishaji akitaka kukuajiri, yeye ndiye atakayeulizwa habari zako.