Swichi ya KVM isiyotii amri za kibodi
Ndugu, umeeleza kwamba swichi yako ya KVM, yaani kifaa cha kutumia kibodi, kipanya na skrini moja kwa kompyuta kadhaa, hubadilisha kompyuta ukibonyeza kitufe chake, lakini amri za kibodi haizitii. Kagua kwanza tundu ulimochomeka kibodi, kwa kuwa swichi nyingi husoma amri kutoka kwenye tundu lenye alama ya kibodi pekee, si tundu la USB la ziada. Kisha bonyeza kitufe cha Scroll Lock kwenye kibodi mara mbili upesi, halafu namba ya kompyuta. Baadhi ya swichi hutumia kitufe cha Ctrl, hivyo soma kijitabu cha swichi yako. Mimi nilihangaika siku nzima, kumbe kibodi yangu ya michezo, yenye taa nyingi, ndiyo isiyoeleweka na swichi. Ya kawaida ilikubali papo hapo. Ikigoma bado, zima kompyuta, chomoa nyaya zote za swichi, ukiwemo wa umeme, kisha uzirudishe. Ukisikia harufu ya kuungua, usiichomeke tena, mpelekee fundi.