Kambi ya Julai: panga kwa ajili ya saa kumi alfajiri

Kwetu Lubumbashi mvua hutuaga Aprili, na vakanse kubwa, yaani likizo ndefu ya shule, zinafunguliwa mwanzoni mwa Julai. Kikundi cha vijana kinachotaka kulala porini hakina ujanja: kitalala katika miezi ya baridi. Mji uko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na mbingu ya Julai haina wingu la kuzuia joto la ardhi lisipotee usiku. Saa nane mchana vijana wanavua fulana wakicheza mpira. Saa kumi alfajiri ni chini ya digrii 10. Wazazi wanafungasha mizigo wakifikiria saa nane.

Mwaka wangu wa kwanza niliweka mahema kandokando ya dembo, yaani bonde la nyasi lenye majimaji. Pazuri, tambarare, maji karibu. Sikujua kwamba hewa ya baridi huteremka usiku kama maji na kutuama bondeni. Alfajiri mahema yalikuwa yamelowa umande, na mtoto mmoja akaniambia, "Yaya, hii baridi iko inaniua." Yaya kwetu ni ndugu mkubwa. Siku hizi tunapanda juu kidogo mteremkoni, chini ya miti, hata kama kuchota maji ni kutembea.

Baridi inayokuumiza zaidi inatoka chini, kwa hiyo blanketi la pili lilaze chini yako. Tunatandika maboksi yaliyokunjuliwa, juu yake magunia matupu, kisha mikeka. Kila kijana ana nguo za kulalia ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na soksi na kofia, na hazivaliwi mchana kwa sababu yoyote. Fulana yenye jasho la mpira ukilala nayo, utatetemeka mpaka asubuhi. Bukari, yaani ugali, iliwe ya kushiba, chai iwe na sukari, na kila mtu akakojoe kabla ya kuingia hemani.

Sasa mbabula, yaani jiko la makaa. Mwaka wa pili wavulana wanne waliingiza yao hemani, wakafunga zipu. Makala, yaani makaa, yalikuwa mekundu, hayana moshi hata kidogo, nao wakadhani hayana hatari. Mmoja alitoka kwenda kujisaidia, akawa anapepesuka kama mlevi. "Yaya, kichwa inaniuma sana." Tuliwavuta wenzake nje mmoja mmoja, wazito kwa usingizi, tukawakimbiza kituo cha afya kwa gari. Walipona. Makala yanayowaka mahali pasipopita hewa hutoa monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu: usingizi unakuchukua kabla hujashtuka. Tangu hapo mbabula inalala nje, imemwagiwa mchanga, na gari lenye mafuta linalala kambini pamoja na dereva wake.

Moto wa kuota nao una mambo yake. Nyasi za Julai ni kama karatasi, na upepo upo. Fyeka na ufagie mpaka udongo uonekane, weka ndoo za maji tayari, na mtu wa zamu asiondoke mpaka majivu yamepoa.

Kuna swali ambalo fomu ya wazazi haitakupa jibu lake: nani ana SS, yaani selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi? Baridi na kukosa maji ya kutosha mwilini vinaweza kuamsha maumivu ya selimundu, na familia nyingi zinaficha. Mimi huenda nyumbani, nakaa na mama, naongea naye taratibu. Mtoto mmoja tulikubaliana aje mchana, arudi jioni. Alinuna, lakini alikuja. Pumu pia iulizwe.

Usiku tunazunguka zamu mbili, na ya pili ni ya saa kumi. Anayetetemeka apewe chai na blanketi kavu. Anayeongea ovyo, au aliyeacha kutetemeka huku mwili bado baridi, huyo hasubiri asubuhi: mwamshe dereva.

Siku mbili kabla ya safari kila mmoja anakuja na begi lake kwenye kiwanja cha parokia na kulimwaga mkekani mbele yangu. Asiye na soksi tunamtafutia. Julai iliyopita nilikuta mbabula ndogo imeviringishwa kwenye taulo. Mwenyewe aliapa ni ya kupashia chai tu.