Divisheni ya 41 ilikimbia Bataan?

Ndugu, umeuliza kama ni kweli Divisheni ya 41 ya Ufilipino ilitoka mbio tu pale Bataan, rasi ya Ufilipino walikopigana na Wajapani katika Vita vya Pili vya Dunia. Si kweli, au tuseme ni nusu ya habari. Januari 1942 vijana hao, chini ya Jenerali Vicente Lim, walisimama katikati ya mstari wa ulinzi wa Abucay, hapo hapo Bataan. Walikuwa wameitwa jeshini miezi michache tu kabla, wengi kichwani wana kofia za nyuzi za mnazi zilizokaushwa, mkononi bunduki za Enfield za Vita vya Kwanza vya Dunia. Na bado Wajapani walipata taabu kuwapita. Waliojikuta pabaya ni majirani zao wa Divisheni ya 51.

Unayoisikia wewe ni habari ya Aprili 3, Ijumaa Kuu. Hapo mizinga na ndege ziliwamiminia moto kwa saa kadhaa karibu na Mlima Samat, nao wameshaishi wiki kadhaa kwa mgao kiduchu wa wali, malaria imewamaliza. Hapo ndipo walipovunjika. Siku sita baadaye Bataan nzima ikasalimu amri. Lim mwenyewe Wajapani walimuua baadaye.