Usimpake askari wako nyeusi tupu

Kikosi changu cha kwanza cha vinyago vya askari vya kupaka rangi, vya kimo cha milimita 28, kilikuwa cha 95th Rifles, wale Waingereza wa bunduki waliofika kwenye vita vya Waterloo dhidi ya Napoleon mwaka 1815 na koti la kijani kilichokolea wakati wenzao wengi walivaa nyekundu. Nilipaka kijani cha chupa moja kwa moja, kisha kola, kafu (miisho ya mikono ya koti), mikanda na kofia, vyote nyeusi. Mtoto wa dada yangu akainama mezani akawakagua. "Anko, hawa waliungua?"

Jibu nilikuja kuliona Kenyatta Avenue, Nairobi, nikisubiri kuvuka. Wale askari wa shaba wa ukumbusho wa mwaka 1928 ni weusi, ila jua la saa nne lilikuwa limewashika begani, gotini na kwenye mikunjo ya nguo, na kila kitu kilisomeka. Askari wa kimo cha pingili ya kidole jua halimtoshi. Lazima umpakie lake.

Kwa hivyo sasa andakoti, rangi ya kwanza ya chini, ndiyo nyeusi, nami naiacha ionekane kwenye mifereji ya mikunjo tu. Nguo nyeusi naipaka kijivu kilichokolea chenye samawati kidogo. Ya kijani naing'arisha kwa njano au kaki. Nyeupe huifanya ifanane na dawa ya meno. Mkanda wa ngozi ndio unaobaki mweusi kabisa: mstari mmoja mwembamba wa kijivu ukingoni, basi. Mwishoni koti hupata vanishi isiyong'aa, mkanda hupata tone la ile inayong'aa. Hapo jicho linatofautisha ngozi na kitambaa hata kama rangi zinakaribiana. Viatu? Vumbi la kahawia, nasonga mbele.

Kazi hasa iko kwenye ile paipini nyeupe, mstari mwembamba wa urembo, inayozunguka kola na kafu nyeusi za 95th. Usijaribu kuuchora mstari huo ukiwa mwembamba. Upake kijivu hafifu, mnene bila aibu, kisha uukate kwa nyeusi upande wa kola na kwa kijani upande wa koti mpaka ubaki unywele. Nyeupe yenyewe iguse kwenye pembe tu. Brashi yangu ni ya kuchorea kucha, niliinunua Dubois Road kwa bei ya chai na mandazi. Januari rangi hukauka kwenye ncha kabla hujafika kolani, kwa hivyo naichanganyia juu ya karatasi ya kuokea iliyolazwa kwenye sponji ya vyombo iliyolowa.

Na fanya kazi dirishani asubuhi. Balbu ya njano imenidanganya mara nyingi sana.

Sasa niko na Wabrunswick, wale Wajerumani wa mtawala aliyeuawa kwenye mapigano ya Quatre Bras siku mbili kabla ya Waterloo. Hawa sare yao ni nyeusi kutoka kofia hadi suruali. Nimeanza na kola ya samawati na lile fuvu la fedha la kofiani, kwa sababu vikishakaa sawa najua kijivu cha koti kiende mbali kiasi gani. Sita wamekauka. Wa saba nimemrudia mara tatu.