Usiniulize mbolea ya DAP mifuko mingapi, nionyeshe udongo wako

Wiki iliyopita ndugu mmoja wa Kasulu kaniandikia: "Kaka, nataka kulima ngano eka tatu, niweke DAP mifuko mingapi?" DAP ni mbolea ya kupandia yenye fosforasi, kirutubisho kinachojenga mizizi. Swali hilohilo niliuliza mimi miaka sita iliyopita hapa Buhigwe, na jibu nililopewa dukani lilinila ng'ombe wawili.

Nilikuwa na eka nne mlimani, udongo mwekundu wa kuvutia macho. Niliambiwa nipime, nikapima. Nilichota kopo moja tu, kule chini palipokuwa zizi la marehemu baba, nikapeleka maabara. Majibu yakarudi safi: pH (kipimo cha uchachu; ikishuka, uchachu huzidi) 6.3, fosforasi tele. Nikauza ng'ombe wale wawili, nikanunua mbegu na mbolea kwa kipimo cha dukani. Ngano ya chini ikanenepa. Ya juu, karibu eka tatu, ikadumaa kimo cha kiganja, majani yakiingia uzambarau. Nikang'oa mche mmoja: mizizi mifupi, minene, butu kama iliyokatwa kwa kisu. Nikavuna gunia tisa. Hadi leo kuna mtu kijijini huniita "Bwana Ngano" kwa kejeli, na bado inaniuma.

Kule juu, kumbe, pH ilikuwa 4.8. Udongo wa namna ile ukishuka chini ya 5.5, alumini huyeyuka na kuua ncha za mizizi, na fosforasi unayomwaga hunaswa na udongo isiufikie mmea. Ngano nyingi haistahimili hali hiyo. Na usione tofauti ni ndogo: pH 5 ina uchachu mara kumi ya pH 6.

Msimu uliofuata nilichora shamba kwenye daftari la mwanangu. Sikuligawa kwa eka. Niliangalia rangi ya udongo, mteremko na historia: juu palipokwanguliwa na mvua, katikati penye migomba ya zamani, chini zizini. Kila sehemu nilichimba mashimo 15 kwa kwenda zigizaga, kina cha sentimita 20, nikikwepa vichuguu na majivu. Tumia ndoo ya plastiki, maana ya bati ina zinki na itaharibu majibu. Changanya, anika kivulini, bakiza nusu kilo. Eka moja kwa kina hicho ina takriban tani elfu moja za udongo, na maabara itaona hiyo nusu kilo tu! Kila shimo nililiandikia nukta za GPS za simu.

Majibu yalipokuja, mwanangu akaipaka ramani rangi: nyekundu penye uchachu mkali, njano pa wastani, kijani pazuri. Chokaa ya kilimo, inayopunguza uchachu, ilikwenda kwenye nyekundu, mapema, ikachanganywa na udongo kabla ya kupanda. Kijani haikupata hata konzi.

Wakulima wenzangu, acheni kumwaga mbolea kwa kumwiga jirani. Pimeni. Pimeni kila sehemu peke yake.

Msimu huu eka zilezile nne zimenipa gunia 31. Ndugu wa Kasulu, swali lako la DAP nitalijibu ukinitumia ramani na majibu ya maabara.