Kwa dada aliyehama Lamu akakutana na mbwa wa pwani ya Malindi
Pole dada, umeuliza kama kuwaogopa mbwa hao ni kasoro yako, lakini huna kasoro yoyote. Mtu aliyekulia vichochoro vya Lamu, kwa paka na punda, atamzoea mbwa wapi? Tena sisi Waislamu tangu utotoni tumeambiwa mbwa akikulamba ni kuosha mara saba, moja kwa udongo. Mtoto hachambui, najisi na hatari kwake vinakuwa kitu kimoja. Nami nilikuwa hivyo hivyo.

Wale wa ufukweni ukikimbia watakufuata tu, ndiyo silika yao. Simama, mikono chini, usimkazie macho, kisha jiondoe polepole. Hofu yenyewe huisha kidogo kidogo: mimi nilianza kwa kukaa mbali nikiwatazama wamelala mchangani, mpaka moyo ukatulia, ndipo kesho yake nikasogea hatua chache. Kumshika si lazima (mimi mpaka leo simshiki).

Ila akikung'ata, hata mchubuko mdogo, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Wa kukupaka pilipili kwenye jeraha usimsikilize.